Wafugaji samaki wapime joto la maji kabla ya kupima chakula

KILA mwaka baridi ya Juni na Julai inapoingia katika nyanda za juu, malalamiko ya wafugaji wa samaki huwa ni yale yale. Samaki hawali. Samaki hawakui. Mwenye bwawa alinunua vifaranga vya sato kwa ahadi kwamba baada ya miezi sita atavua samaki wa kujaa sahani. Miezi sita inapita, wa nane unaingia, anatumbukiza wavu na kutoa samaki wa ukubwa wa kiganja.

Hapo lawama huanza. Vifaranga vilikuwa vibovu. Chakula ni feki. Mwingine atakwambia jirani ana jicho baya. Wakati mwingine lawama hizo ni za haki, kwani wauzaji wa vifaranga vilivyodumaa wapo na chakula hafifu kipo. Lakini mara nyingi kinachosahaulika ni kitu ambacho hakuna aliyekipima tangu siku bwawa lilipochimbwa, nacho ni joto la maji.

Tunalisema hili kwa sababu fedha inayopotea si kidogo, na inayopotea ni ya watu wadogo. Mfugaji mkubwa ana mtaalamu wake. Mwenye bwawa moja nyuma ya nyumba, aliyekopa kwenye kikundi, hana wa kumwambia kwamba mfuko wa chakula alioumwaga wiki ile ya baridi kali haukuliwa na samaki bali umeozea kwenye tope.

Ili tuelewane, tuanze mbali kidogo, kwa samaki ambaye wengi wetu hatutamfuga kamwe. Ni samoni, yule wa nyama ya rangi ya chungwa ambaye huuzwa kwenye supamaketi kubwa kwa bei ya kumfanya mtu arudishe mkono. Ufugaji wake katika vizimba vya baharini ulianza kushika kasi nchini Norway karibu na mwaka 1970, katika maeneo kama kisiwa cha Hitra, ukifanywa na watu ambao wengi wao walikuwa wavuvi na wakulima wa pwani. Leo nchi hiyo huzalisha zaidi ya tani milioni moja za samoni wa kufugwa kwa mwaka.

Wanorwe hawakufika hapo kwa kubahatisha. Chakula peke yake huchukua karibu nusu ya gharama zote za kumkuza samoni, kwa hiyo walilazimika kujua ni lini samaki anakula na ni lini anachezea fedha. Jibu walilolipata ni kwamba hamu ya kula ya samoni huongozwa kwanza na joto la maji. Maji yakiwa na nyuzi joto 4 anakula kidogo sana. Yakipanda, naye anapandisha mlo, na hukua haraka zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 12 na 15 hivi. Lakini hapo ndipo kilele. Yakifika nyuzi 18 au 19, samoni mkubwa hupunguza kula kwa kiasi kikubwa, na kile anachokula hakimnenepeshi kama mwanzo.

Ndiyo maana mlishaji wa samoni hatazami saa peke yake. Ana jedwali linalomwambia samaki wa uzito fulani, katika maji ya joto fulani, apewe asilimia ngapi ya uzito wake kwa siku. Kisha ana kamera ndani ya maji ya kumwonyesha chembe za chakula zikianza kuzama bila kuguswa, na hapo anafunga bomba. Kamera hatuna. Jedwali na kipimajoto tunaweza kuwa navyo.

Sababu yenyewe haihitaji shahada. Samaki si ng'ombe. Ng'ombe wa Makete na ng'ombe wa Bagamoyo wote miili yao ina joto karibu nyuzi 38 na nusu, iwe kipupwe au kiangazi, na baridi ikizidi ng'ombe hula zaidi ili ajipashe moto. Samaki hana jiko hilo mwilini. Joto lake ni lile la maji yanayomzunguka. Maji yakipoa, damu inapoa, tumbo linasaga polepole, misuli inajengeka polepole, na mlo wa jana bado uko tumboni unapomletea wa leo. Kwa kadirio la wataalamu, kila maji yanapopanda nyuzi 10, shughuli za mwili wa samaki huenda mara mbili zaidi, hadi ule mpaka ambao joto lenyewe linageuka kuwa adui.

Kwa bahati mbaya wengi wetu tulifuga ng'ombe na kuku kabla ya samaki, na tunawalisha samaki kwa akili ya ng'ombe. Tukiona hawakui wakati wa baridi, tunaongeza chakula. Ni kosa linaloeleweka, lakini ni kosa la gharama.

Sasa tumtazame sato wetu. Yeye ni mtoto wa maji ya joto. Hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 26 na 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kwa kuvutwa. Yakikaribia 16 anaacha kula kabisa, na yakifika 10 hadi 12 anaanza kufa. Kuzaliana nako kunahitaji maji yasiyopungua nyuzi 20 na ushei. Kambale wa kufugwa naye ni wa joto vilevile, ingawa watu humdhania kuwa anavumilia lolote kwa sababu tu anavumilia maji machafu.

Pale Mwanza, maji ya juu ya Ziwa Victoria hukaa katika nyuzi 24 hadi 27 karibu mwaka mzima. Bwawa la Dar es Salaam au Tanga lina joto zaidi ya hapo. Bwawa la Njombe, kwenye mwinuko wa mita karibu 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni habari nyingine kabisa, hasa kama linalishwa na kijito kinachotoka mlimani.

Tufanye hesabu ya kukadiria, si ya maabara. Tuseme sato anaanza kukua maji yakivuka nyuzi 16. Bwawa la nyuzi 28 linampa nyuzi 12 za faida kila siku. Bwawa la nyuzi 20 linampa nne tu. Kwa hesabu hiyo siku moja ya bwawa la kwanza ni sawa na siku tatu za bwawa la pili, na ile miezi sita ya mfugaji wa pwani inakuwa mwaka mmoja na nusu kwa mfugaji wa mlimani. Si kila samaki atafuata hesabu hii kama sheria, lakini inatosha kuonyesha kwa nini vifaranga vilevile, kutoka beseni moja, vinampa mtu mmoja faida na mwingine aibu.

Wafugaji wa samoni wanaujua ukweli huu tangu samaki akiwa yai. Wao hawasemi yai litaanguliwa baada ya siku kadhaa, bali huzidisha siku kwa joto. Yai la samoni linahitaji jumla ya takriban 500 kwa hesabu hiyo: katika maji ya nyuzi 10 litaanguliwa baada ya siku kama 50, katika maji ya nyuzi 8 litachukua zaidi ya siku 60. Na kampuni yenye vizimba kusini mwa Norway na vingine kaskazini kabisa, Finnmark, ambako bahari ni baridi zaidi, haitarajii samaki wa pande mbili wavuliwe mwezi mmoja. Inapanga wateja, chakula na mikopo yake ikijua hivyo tangu mwanzo.

Kwetu ahadi ni moja nchi nzima: miezi sita. Imeandikwa kwenye vipeperushi, inasemwa kwenye semina, inarudiwa redioni. Tunadhani wanaoitoa wanapaswa kuulizwa: miezi sita ya wapi?

Majirani zetu wa Kenya walilipia somo hili. Mwaka 2009 serikali yao ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi ambao ndani yake kulikuwa na mabwawa ya samaki 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Lilikuwa jambo la kusifiwa, na kuna waliotajirika nalo. Lakini mabwawa mengi yaliachwa baadaye yakaota majani. Sababu zilikuwa nyingi: bei ya chakula, uhaba wa maji, ukosefu wa soko. Katika sehemu za miinuko, baridi nayo ilikuwa miongoni mwa sababu hizo. Sato hakuulizwa kama anapenda kuishi huko.

Turudi kwenye fedha, kwa kuwa ukurasa huu ni wa fedha. Chukua mfugaji mwenye samaki 1,000 wa gramu 100 kila mmoja. Hao ni kilo 100 za samaki. Katika maji ya nyuzi 28, mlo wa asilimia 3 ya uzito wao ni kilo 3 kwa siku, nao wataumaliza. Maji yakishuka hadi nyuzi 20 wataweza nusu ya hapo, pengine chini ya nusu. Mfugaji asiyepima anaendelea kumwaga kilo 3. Kilo moja na nusu inazama kila siku, sawa na kilo 45 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya mifuko miwili ya kilo 20. Msomaji azidishe mwenyewe kwa bei ya mfuko anaonunua.

Na hasara haiishii kwenye mfuko. Chakula kinachooza chini hula oksijeni na kutoa amonia, kwa hiyo samaki ambaye alikuwa tu hakui sasa anaanza kuugua. Wanaotumia pumba na mashudu wako katika hatari zaidi kuliko wanaotumia chakula cha kuelea, maana pumba ikizama haionekani. Kama ni lazima kutumia pumba, iwekwe kwenye beseni au kiroba kilichofungwa kwenye mti wa pembeni, ili jioni mtu akivute na kuona kilichobaki.

Hatutaki mtu asome hapa aelewe kwamba joto likizidi ndiyo heri. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Kwa usawa wa bahari, lita moja ya maji baridi ya nyuzi 10 inaweza kushika oksijeni miligramu 11 hivi, na ikifika nyuzi 30 inashika chini ya 8. Wakati huohuo samaki mwenye joto anahitaji hewa zaidi, na samaki aliyeshiba anahitaji zaidi ya mwenye njaa, kwa kuwa kusaga chakula nako ni kazi. Ndiyo maana mfugaji wa samoni maji yakipata joto kupita kiasi huacha kulisha. Mwaka 2019, kusini mwa Newfoundland nchini Kanada, samoni milioni 2.6 walikufa vizimbani baada ya maji kukaa na joto kwa siku nyingi mfululizo na oksijeni kupungua.

Kwa sato mpaka huo uko juu zaidi, lakini upo. Bwawa dogo, lenye kina kifupi, likipigwa na jua la Februari linaweza kuvuka nyuzi 32, na hapo mlo upunguzwe. Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, siku hiyo wasipewe chakula mpaka hali itulie. Chakula hakijawahi kuwa dawa ya kukosa hewa.

Wenye vizimba ziwani wasidhani hili haliwahusu. Joto la ziwa halibadiliki sana, lakini yanapotokea mabadiliko ya upepo na hali ya hewa, maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda juu. Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi mno, na upungufu wa oksijeni uliotokana na maji ya chini kupanda ndio uliotajwa na watafiti. Tangu Januari 2024, serikali ilipokabidhi boti na vizimba vya mkopo pale Mwanza, idadi ya Watanzania wenye mali ndani ya ziwa imeongezeka. Kipimajoto kilichofungwa kwenye kamba na kushushwa mita kadhaa kila asubuhi kinaweza kumwonyesha mwenye kizimba kwamba maji yanageuka, akasitisha mlo kabla ya balaa.

Je, wa milimani waache kufuga? Hatusemi hivyo. Wana njia mbili, nao wachague kwa kipimajoto, si kwa mdomo wa muuzaji.

Njia ya kwanza ni kumtunza sato kama mtoto wa joto alivyo. Tumeona mabwawa mengi ya milimani ambamo mfereji wa kijito unaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili usiku na mchana, mwenye bwawa akijivunia maji safi. Maji yale ni safi kweli, lakini kila saa yanaondoa joto lililokusanywa na jua, na yanaondoa pia ule ukijani ambao ni chakula cha bure cha sato. Mfereji ufungwe, yaongezwe maji ya kufidia yanayopungua tu, ilimradi samaki wasiwe wengi kupita kiasi. Miti inayotia kivuli ipunguzwe upande wa jua. Bwawa dogo la vifaranga linaweza kuezekwa kwa nailoni kama kitalu cha mboga. Mlo utolewe kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, jua likishapasha maji, wala si alfajiri kabla mwenye bwawa hajaenda shamba. Na chakula kinachotolewa kiwe kile wanachomaliza ndani ya dakika 15 hadi 20.

Njia ya pili ni kufuga samaki wa baridi. Trauti ni wa ukoo mmoja na samoni. Hustawi katika maji ya nyuzi 13 hadi 16, anaanza kutaabika maji yakivuka 20, na karibu na 25 anakufa. Mayai yake yaliletwa Kenya kutoka Scotland tangu mwaka 1905, na hadi leo trauti wapo katika mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare. Kituo cha serikali cha kuwazalisha kiko Kiganjo, karibu na Nyeri. Hapa kwetu wakoloni nao waliwapandikiza katika baadhi ya mito ya Kilimanjaro na nyanda za juu kusini, kwa ajili ya starehe ya kuvua kwa ndoano. Kwa trauti ule mfereji unaotiririka usiku na mchana ndio uhai wenyewe, na hapo mwenye maji ya mlima ana utajiri ambao mtu wa Mwanza hana.

Lakini tusiuze ndoto nyingine. Trauti anataka chakula chenye protini nyingi, ambacho ni ghali. Vifaranga vyake havipatikani kila kona. Mteja wake ni hoteli na wageni zaidi kuliko mama lishe. Anayetaka kumjaribu atafute mnunuzi kwanza, ndipo achimbe.

Yapo pia ambayo mfugaji hawezi kuyafanya peke yake. Tunataka viwanda vya chakula cha samaki, vya ndani na vinavyoingiza kutoka nje, vichapishe kwenye mfuko jedwali la ulishaji linaloonyesha joto la maji, si uzito wa samaki tu. Tunataka mwenye kuzalisha vifaranga amuulize mteja anatoka wapi na maji yake yana joto gani, kama muuza mbegu anavyouliza kama shamba liko bondeni au mlimani. Halmashauri zinazotuma maofisa uvuvi vijijini ziwape kipimajoto kabla ya kuwapa fomu za takwimu. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, na kimoja kinatosha kuzungukia mabwawa ya kijiji kizima.

Na tunataka wanaokopesha wajifunze. Benki au saccos inayompa mfugaji wa Makete mkopo wa kurejesha kuanzia mwezi wa saba, kwa sababu ndivyo ilivyomfanyia mfugaji wa Bunda, inatengeneza mdaiwa sugu kwa mikono yake. Atalazimika kuvua samaki wachanga na kuwauza kwa bei ya dagaa ili alipe rejesho la kwanza.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mfugaji samaki linahitaji mistari miwili zaidi kila siku: joto la asubuhi kabla ya jua kuchomoza, na joto la saa 9 alasiri. Lipimwe kina cha kama futi moja chini ya maji, mahali palepale, si ukingoni kwenye maji ya vuguvugu. Chakula kilichotolewa kiandikwe pembeni. Baada ya mwezi mmoja mfugaji ataona mwenyewe ni siku zipi samaki wake walikula na zipi walimwangalia.

Kwa wale wa nyanda za juu wanaojiandaa kuweka vifaranga vya sato, Septemba ndiyo yenye nafuu, kwani vitakuwa na miezi ya Oktoba hadi Aprili mbele yao maji yakiwa na joto. Vinavyoingia bwawani Aprili vinaikuta baridi vikiwa bado vidogo, na vitakaa pale pale hadi maji yabadilike. Muuzaji akija Aprili na ndoo zake na bei ya kupunguza, aambiwe arudi Septemba.